Dark: bastola ya Jonas sio shimo, shimo lenyewe lipo mwishoni

Mkuu uliyeuliza kwanini kwenye Dark, ile siriz ya Wajerumani ya kusafiri kwenye muda, Jonas anajipiga bastola inagoma, halafu sizoni hiyohiyo ya 3 Martha anampiga risasi anakufa mazima, nakujibu kwamba hilo sio shimo, yani sehemu stori inapojipinga, ila kama hujamaliza siriz ishia hapa maana nitataja mpaka mwisho.

Kwanza aibu yangu. Sizoni ya 1 niliwekewa kwenye flashi na dogo mmoja wa laibrari ya muvi hapa mtaani. Nimeangalia na mdogo wangu, mara Ulrich ni polisi 2019 anamtafuta mwanae, mara tunamkuta yuko 1953 hata hatujui kafikaje. Miezi miwili nawaambia watu hawa Wajerumani wazembe, kumbe episodi ziko 10 na flashi yangu ina 9, ya 7 haipo. Kwahiyo siku hizi mtu akiniambia kaona shimo namuuliza kwanza umeipata wapi hiyo siriz.

Tulipoirudia tukachora ukoo wa watu wa Winden, mji wa kwenye siriz, nyuma ya kalenda ya ukutani. Ilienda vizuri mpaka Charlotte kamzaa Elisabeth, Elisabeth nae kamzaa Charlotte, mdogo wangu akapiga mshale ukazunguka ukarudi palepale, akafuta, akachora tena mpaka karatasi ikatoboka. Mama anapita anauliza, sasa hapo nani wa kumwamkia mwenzie? Tukakosa jibu. Ila hilo pia sio shimo jamani, hii stori imekuambia tangu mwanzo kwamba muda ni duara, mambo hayana pa kuanzia. Hata ramani ya ile mashine ya kusafiria muda, fundi saa Tannhaus kaletewa na Claudia, mmoja wa wasafiri wa muda, ukiuliza nani aliibuni utazunguka mpaka uchoke.

Sasa bastola. Sheria ni kwamba ambaye uzeeni kwake yupo hawezi kufa ujanani. Jonas wa kwenye bastola ni yule aliyejificha chumba cha chini ya nyumba yao siku ya maangamizi, ndo akizeeka anakuja kuwa Adam, hivyo hawezi kufa. Noah, aliyekuwa nae pale, akiichukua ileile bastola inalia vizuri tu. Anayeuawa ni Jonas aliyeokolewa na Martha wa dunia ya pili akapelekwa huko. Muda unasimama nukta moja wakati wa maangamizi, hapo tukio linapasuka mara mbili: upande mmoja Martha anafika kumchukua, upande mwingine Bartosz anamzuia Martha asifike. Jonas wawili, mmoja anazeeka mwingine anakufa. Claudia anamweleza Adam kila kitu episodi ya mwisho, wengi wanakuwa washachoka hawasikilizi.

Kinachonikera mimi ni kwamba hiyo nukta ya kusimama muda wameileta sizoni ya 3. Sizoni mbili nzima unaambiwa hakuna mlango, halafu mwishoni mtu anatoa ufunguo mfukoni. Hapo nawalaumu.

La Mikkel, mtoto wa Katharina aliyepotelea 1986 akakulia huko kwa jina la Michael, nalipita haraka, kwamba Katharina kasoma na Michael mbona hakushtuka mwanae anafanana nae. We unakumbuka sura ya mwanafunzi mwenzio wa mwaka 1986? Mimi nina picha ya darasa la saba, nusu ya watu siwajui na nilikaa nao miaka saba.

Shimo la kweli ni mwisho wenyewe. Jonas na Martha wanarudi 1971 kwenye dunia ya asili, wanamzuia Marek, mtoto wa Tannhaus, asivuke daraja, hafi na mkewe na mtoto, kwahiyo Tannhaus hana msiba wa kumfanya atengeneze mashine. Mashine isipokuwepo dunia zao mbili hazizaliwi, Jonas na Martha hawapo, sasa nani kasimamisha gari? Watu wanasema dunia ya asili iko nje ya fundo, yani zile dunia mbili zilizosokotana, sheria za duara hazifiki kule. Haya, nakubali nusu, ila bado ni kiraka, na kiraka chenyewe wamekishonea machozi maana wale wawili wanavyoyeyuka pale hakuna anayewaza mantiki, mdogo wangu alijifanya anaenda kufunga geti.

Na kama umebana sana hilo, nieleze na la Hannah, mama yake Jonas. Mwishoni kwenye dunia ya asili yuko mezani na wenzie, umeme unazima, ukirudi anaangalia koti la njano kama lile la Jonas anahisi kama kashawahi kuliona, halafu anasema Jonas ni jina zuri. Fundo limefutwa lote, hilo koti analikumbukia wapi?