Nyumba ya mbao Goma: muzibe upepo kwanza, frigoliti inakuja nyuma

Wadogo zangu wenye munaanza kazi ya mbao, nataka tuongee kitu chenye mafundi wengi wanaruka sababu mwenye nyumba hakioni, ni kile chenye kinakaa nyuma ya planshi (mbao za ukuta). Goma iko karibu mita 1500 juu, na kisha volkano ya 2002 watu wengi walijenga na mbao juu ya mawe ya lava, sasa usiku upepo ukianza mtoto analala na jaketi mu nyumba ya wazazi wake. Inaniuma sana juu dawa yake iko.

Mbao ikikauka inasinyaa, nafasi inafunguka kati ya planshi na ingine. Weka kiganja pale jioni, utasikia vile inapuliza. Mukiweka frigoliti (ile povu kavu nyeupe, nyepesi, ya kuzuia baridi) bila kuziba ule upepo, pesa ya mwenye nyumba imepotea, hewa baridi itazunguka tu nyuma yake.

Mimi napanga hivi kutoka ndani kwenda inje: shevroni (miti ya wima yenye inashika ukuta), kisha frigoliti ya sentimita 3 ao 4 upande wa inje wa shevroni zenyewe, muache kuikatakata kati yao, sababu mbao inapitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko frigoliti na kila shevroni itakuwa njia ya baridi. Kisha bashi (turubai ya plastiki), njo yenye inaziba upepo, muanzie chini mukipanda, ya juu ifunike ya chini sentimita 15 hivi, sawa vile munapanga matoli (mabati). Hapo sasa njo penye wapya wanakosea: wanapiga planshi moja kwa moja ku bashi. Hapana! Mutie kwanza vibao vya wima vya sentimita 2, ile nafasi inaacha maji ya mvua itelemuke na planshi ikauke nyuma, bila ile itaoza. Chini na juu ibaki wazi, lakini mutie waya wa matundu madogo, panya wanapenda frigoliti sana. Juu ya dirisha mukunje kipande cha toli, mwisho wake wa juu uingie chini ya bashi. Marekani na Kanada wako na karatasi yenye inazuia maji na inaacha mvuke utoke, mukiipata ni nzuri kuliko bashi.

Ndani mufunike na tripleksi, frigoliti ikishika moto inaenda mbio na moshi yake ni sumu.

Na hii nawaomba sana: nyumba ikishazibwa, mbabula inabaki inje. Zamani gazi ya makala ilikuwa inatokea ku nafasi za mbao, sasa haitoki tena, na haina harufu, inaua watu wakiwa usingizi. Muache matundu mawili ya hewa, moja chini, moja karibu na toli, na muambie mama wa nyumba yeye mwenyewe, si bwana peke yake, juu yeye njo anawasha makala.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, muanze na plafo (dari), joto inapanda na toli haizuii kitu, ukuta utangoja.