Jibu: "Thou" ni heshima kwa Mungu?

Mkuu, umeuliza kama "thou" kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611 ni neno la kumtukuza Mungu. Hapana, ni karibu kinyume chake.

"Thou" ni wewe, mtu mmoja. "Ye" ni ninyi. Yakiwa mtendwa yanageuka "thee" na "you". Tangu karne ya 13 hivi, kwa kuiga Kifaransa, Waingereza walianza kumwita mkubwa mmoja kwa neno la wingi, "ye" au "you". "Thou" likabakia la mtoto, mtumishi, mpenzi, na la sala. Kumwambia bwana mkubwa "thou" ilikuwa kumshusha. Mwaka 1603, Walter Raleigh, bwana mkubwa wa Uingereza, aliposhtakiwa kwa uhaini, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia neno hilo makusudi mbele ya mahakama. Baadaye Wakweka (Quakers, kundi la Kikristo la Uingereza) waligoma kabisa kumwita mtu mmoja "you", hata awe jaji, na wapo waliopigwa kwa ajili hiyo!

Watafsiri wa 1611 wao walifuata tu umoja na wingi wa Kiebrania na Kigiriki. Ndiyo maana hata Shetani anaambiwa "thee" katika Mathayo 4:10. Tazama pia Luka 22:31-32: Shetani amewataka "you", yaani mitume wote, lakini Yesu amemwombea "thee", Petro peke yake. Kiingereza cha leo husema "you" kote, tofauti inapotea. Sisi tunaiona bila shida: amewataka ninyi, nimekuombea wewe.