Soma vikaratasi kabla hujatoka ukumbini

Wiki iliyopita binti mmoja wa chuo aliniandikia. Ameombwa azungumze na wenzake wa mwaka wa kwanza kuhusu kujitambua, maisha ya chuo na afya ya uzazi. "Dada, nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu, maana mimi nilianzia pabaya.

Mara yangu ya kwanza nilijiandaa kama naenda kutetea tasnifu. Slaidi 42, nyingine za vidonda vya kumkosesha mtu hamu ya kula. Nilisema saa nzima na nusu, na dakika 20 za mwanzo nilijieleza mimi ni nani, nimetoka wapi, nimepambana vipi. Ndiyo ilikuwa sehemu ya "kujitambua" hiyo. Makofi yakapigwa. Kichwa kikanivimba, sikatai.

Mlangoni palikuwa na boksi la viatu lililotobolewa juu, la kutumbukizia maswali. Muda ulikuwa umeniishia, nikalibeba nyumbani, nikalisukumia chini ya meza. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nililifungua Jumatatu.

Vikaratasi vingi vilikuwa vya utani tu. Kimoja kilikunjwa mara nne, kwa penseli, herufi ndogo zimebanana: "Kondomu ilipasuka juzi usiku. Simjui hali yake. Nifanyeje?"

Juzi ya Ijumaa ni Jumatano. Dawa za kujikinga na VVU baada ya tukio, zile za PEP, huanzwa ndani ya saa 72, tena kila saa inayopita ni hasara, kisha humezwa siku 28. Kwa hiyo wakati mimi napigiwa makofi, aliyeandika bado alikuwa na siku moja na ushee mkononi. Jumatatu hakuwa na kitu. Hakuandika jina wala namba. PEP ilikuwamo kwenye slaidi zangu, karibu na mwisho, na niliiruka.

Basi mdogo wangu, anza na vinavyokimbizana na saa. PEP ndiyo ya kwanza. Halafu vidonge vya dharura vya kuzuia mimba: vinavyotumika zaidi vinataka vimezwe ndani ya siku 3, kuna aina nyingine inayofika siku 5, na vyote havikingi ugonjwa wowote. Waambie na hili, kwa sababu wengi hukimbilia kupima kesho yake wakapata majibu mazuri wakalala usingizi: kipimo cha leo hakijui ya jana. VVU huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Klamidia, ugonjwa wa zinaa, iseme mara mbili. Mara nyingi haina dalili, inatibika kwa antibiotiki, lakini ukiiacha inaweza kuharibu mirija ya uzazi. Na kondomu nazo usiishie kusema "tumieni". Mafuta ya kujipaka mwilini hudhoofisha mpira wake. Ukivaa mbili zinasuguana. Nani alimwambia hayo yule wa penseli? Si mimi, nilikuwa bado nasimulia utoto wangu.

Kuhusu kujitambua sina mengi. Usimsimamishe mtoto wa watu mbele ya ukumbi aseme yeye ni nani; ndiyo kwanza ameachana na kwao, atakupa jibu la kukufurahisha wewe. Mwache aandike. Kisha soma, palepale, kabla ya yote, hata kama itakubidi ukate hotuba yako katikati. Ninyi wasemaji mnaopenda kupiga picha na umati, nawaambia na ninyi: boksi kwanza, picha baadaye. Nimechoka kuona watu wakialikwa kusaidia wanafunzi wanakwenda kusaidia majina yao. Najua, nilikuwa mmoja wao.

Binti amenijibu jana. Ameshukuru sana, kisha akaomba nimtumie zile slaidi 42.

Nimemtumia tatu.