Huyo ni Daukša, sio Mažvydas
Kaka umeuliza kama yule padri aliyewasema wakubwa wa Lithuania kwa kuidharau lugha yao ni Mažvydas, hapana, Mažvydas alikuwa Mlutheri, ndo alotoa kitabu cha kwanza cha Kilithuania 1547 kule Königsberg, mji wa Prussia. Unayemtafuta ni Mikalojus Daukša, padri Mkatoliki wa Samogitia, eneo la magharibi mwa Lithuania, katekisimu aliyotafsiri ilichapwa Vilnius 1595 halafu 1599 ikatoka Postilla, mahubiri ya Mpolandi Jakub Wujek aliyoyatafsiri pia, bonge la kitabu. Ila utangulizi wake ndo unanigusa mpaka leo, anasema taifa haliishi kwa rutuba ya ardhi wala utofauti wa mavazi, linaishi kwa kutunza lugha yake, na aliuandika kwa Kipolandi, nadhani kusudi hao wakubwa walioshahamia lugha hiyo wausome wenyewe