Manyoya ya Tunda Hayatoshi Kuupa Mmea Jina

SWALI: Ninasomea uzamili wa botania mjini Perth, Australia. Nimekusanya mimea miwili ya msimu mmoja yenye vichwa vya maua vikavu kama karatasi, na matunda ya yote miwili yana manyoya yenye vinyuzi pembeni, mfano wa unyoya wa ndege. Kitabu cha zamani kinaiita yote miwili Helipterum, na programu ya simu inaipa jina moja. Je, kuna haja ya kukata vijitunda vya milimita mbili ilhali manyoya yanaonekana kwa macho?

JIBU: Haja ipo, ndugu msomaji, kwa sababu njia hiyo unayotaka kuifuata ndiyo iliyovuruga uainishaji wa mimea hiyo, ya familia ya alizeti (Asteraceae), kwa zaidi ya karne moja. Mmea wa maua makavu ukionekana na manyoya yenye vinyuzi uliwekwa Helipterum, na ukiwa na manyoya yenye vijino tu ulipelekwa Helichrysum, hata mimea ya Afrika Kusini na ya Australia isiyo na undugu wa karibu ikajikuta ndani ya jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu. Paul G. Wilson wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Australia Magharibi alipoichambua upya mimea ya huko, aliirudisha jenasi ya Hyalosperma mwaka 1989 na Rhodanthe mwaka 1992, na ile ya Afrika Kusini ilihamishiwa Syncarpha. Jina Helipterum halitumiki tena, ingawa wauza mbegu wanaendelea kulichapa kwenye pakiti zao.

Helichrysum nayo ilipunguzwa vivyo hivyo. Ua maarufu la bustani lililoitwa Helichrysum bracteatum sasa ni Xerochrysum bracteatum, kwa jina la jenasi alilolitoa mtaalamu wa mimea Tzvelev mwaka 1990, na tunda lake ni la kahawia, lina pembe nne na halina nywele. Helichrysum zilizobaki kwenye jina hilo nyingi ni za Afrika, na H. newii ya juu kabisa Kilimanjaro ni mojawapo.

Linalonisikitisha zaidi ni imani kwamba vitu viwili vinavyofanana kwa kazi lazima viwe ndugu. Manyoya na miiba ya tunda ni vyombo vya safari: mchukuzi akibadilika, awe upepo au mnyama, navyo hubadilika upesi. Chukua kishona nguo, Bidens pilosa, ambacho kimeenea hata Australia, ukilinganishe na Calotis ya nyika za huko, ambayo matunda yake hunasa kwenye sufu za kondoo kwa miiba yenye vijino. Vyote viwili vinang'ang'ania nguo, lakini kata ukuta wa tunda la Bidens utaona tabaka jeusi la fitomelani, ambalo ni alama ya kundi kubwa la alizeti na jamaa zake wa karibu ndani ya familia hiyo, wakati Calotis ni ya kundi jingine la familia, Astereae, na haina tabaka hilo. Anayeishia kwenye miiba hatalijua hilo kamwe.

Kile tunachokiita mbegu ni tunda zima, sipsela, lililotokana na ovari iliyo chini ya ua, yenye chumba kimoja na mbegu moja. Kwa hiyo una kuta mbili za kuchunguza, ukuta wa tunda na ganda la mbegu lililobanwa ndani yake, na kila moja ina habari zake: mbavu na mishipa, unene wa kuta za seli, fuwele, kovu la kitako ambapo tunda hujitenga na kichwa, na zaidi ya yote nywele pacha za ngozi ya nje (kila moja ina seli mbili ndefu zilizokaa ubavu kwa ubavu), ambazo katika Rhodanthe nyingi ni ndefu na laini kama hariri, na katika jamaa zake kadhaa ni fupi na za mviringo. Waitzia utaijua kwa shingo nyembamba inayobeba manyoya. Mtaalamu wa mimea Gwenda Davis alipopitia jenasi ya Brachyscome mwaka 1948, matunda, kwa mabawa na nywele zake, yalikuwa nguzo ya kutenganisha spishi ambazo maua yake yanakaribiana mno.

Chagua matunda yaliyokomaa, ya pembezoni na ya katikati ya kichwa, kwa maana mara nyingine hayafanani. Katika Bidens pilosa ya pembezoni ni mafupi kuliko ya katikati. Tunda moja liweke likiwa kavu ndani ya tone la maji chini ya hadubini: katika spishi nyingine nywele pacha huvimba na kutoa ute mbele ya macho yako. Mengine yalainishe kwa maji ya moto, kisha uyakate kwa upana kwa wembe mpya. Tunda changa litakudanganya, maana kuta zake hazijakauka wala kukomaa.

Usikubali kuambiwa kwamba picha au DNA imeondoa kazi hii. DNA imesaidia sana kupanga upya kundi hili, lakini sampuli iliyotolewa kwenye mmea uliopewa jina lisilo lake huingiza kosa hilo kwenye hifadhidata na kulisambaza. Programu ya simu hulinganisha rangi na umbo, basi, na haijawahi kuona kitako cha tunda.

Hasara za jina lisilo sahihi zinajulikana. Senecio madagascariensis, mmea wa Madagaska na kusini mwa Afrika, ulikusanywa katika bonde la Hunter, New South Wales, mwaka 1918, ukahesabiwa kwa miongo mingi kuwa Senecio lautus wa kienyeji huku ukienea kwenye malisho na kuharibu maini ya ng'ombe kwa alkaloidi zake, yaani kemikali zenye sumu. Kichwa chake cha maua huwa na brakti (vijani vinavyokizunguka) 20 au 21, na jamaa wa kienyeji takriban 13; tofauti hiyo ilihitaji mtu wa kuketi na kuhesabu tu. Alkaloidi hizo humdhuru na binadamu, kwa hiyo anayekausha mmea wa familia hii na kuuuza kama dawa kwa kuamini picha ya simu anacheza na maini ya wateja wake, na hapaswi kununuliwa kitu. Vielelezo vyako viwili vipeleke hebaria pamoja na bahasha ya matunda yaliyokomaa, ukiandika mahali, tarehe na aina ya udongo.