Kura za kina mama Mexico: maswali yenu

Kura walipata 1947 au 1953? Hapa kwetu tunabishana.

Mko sawa wote bana. 1947 waliruhusiwa kura za manispaa tu, haki kamili ikaja tarehe 17 Oktoba 1953, rais akiwa Adolfo Ruiz Cortines, na foleni yao ya kwanza ya uchaguzi mkuu wa wabunge ni Julai 1955.

Si rais Cárdenas ndo aliwapa, miaka ya 30?

Hapa ndo huwa napandwa na hasira. Lázaro Cárdenas aliahidi 1937, kina mama wakaenda kugoma kula nje ya nyumba yake, akapeleka marekebisho ya katiba bungeni, mabunge yote mawili yakapitisha, majimbo nayo yakaridhia, yaani mpaka 1938 kazi imeisha, bado kuchapa kwenye gazeti la serikali tu basi. Haikuchapwa! Karatasi ikalala kabatini miaka 15 hivi. Wakubwa wa chama tawala walikuwa wanaogopa uchaguzi wa 1940, wakaona wanawake watapiga kura anavyotaka padri, maana serikali na Kanisa Katoliki walikuwa hawaivi toka vita ya Wakristero, waasi Wakatoliki, ya 1926 hadi 1929. Utadhani wanaume wao walikuwa hawaendi misa.

Nani alianza kudai?

Wako wengi, ila mie namtaja Hermila Galindo, sekretari wa kiongozi wa mapinduzi Venustiano Carranza. Alipeleka ombi kwa wale waliokuwa wanaandika katiba kule Querétaro, wakalikataa, na yeye 1917 hiyohiyo akagombea ubunge jijini Mexico bila kuwauliza. Leo sura yake iko kwenye noti ya peso 1,000, pochini mwa wajukuu wa waliomkatalia.

Kweli jimbo la Yucatán kulikuwa na mbunge mwanamke mapema?

Kweli. Elvia Carrillo Puerto na wenzie wawili walichaguliwa bunge la jimbo 1923, kaka yake Felipe akiwa gavana. Januari 1924 Felipe akapigwa risasi na waasi, na viti vya kina dada vikaenda naye.

Ambaye hajaolewa naye alipiga kura 1955?

Alipiga, ila mpaka afike miaka 21. Aliyeolewa ilikuwa 18 tu. Na wanaume hivyohivyo, kwa hiyo kijana mwenye haraka ya kupiga kura ilibidi atafute mchumba kwanza.