Tunahamia Chanika: Watoto Wasome Shule ya Serikali au ya Binafsi?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi na mume wangu tumepanga Magomeni tangu tulipooana, na Mungu akijalia mwezi Desemba tutahamia kwenye nyumba yetu huko Chanika, ingawa bado haijapigwa plasta. Tuna watoto wawili. Mkubwa, ambaye ni msichana, yuko darasa la nne katika shule ya serikali hapa Magomeni na Januari ataingia la tano; mdogo wake ametimiza miaka sita na ataanza la kwanza. Shule ya serikali iliyo jirani na nyumba yetu ni mwendo wa robo saa kwa miguu, lakini wenyeji wanasema madarasa yamefurika na watoto wadogo wanasoma kwa zamu. Kuna pia shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza ambayo ada yake ni shilingi 1,400,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na basi la shule ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mume wangu anauza vipuri Kariakoo, mimi ni fundi cherehani. Yeye anasema kodi ya shilingi 250,000 kwa mwezi ambayo hatutailipa tena itatosha kulipia ada. Ndugu nao wanatutisha kwamba mtoto asiyeanza na Kiingereza atahangaika sekondari. Tunaomba ushauri wako.

Mama wa watoto wawili, Magomeni

JIBU

Marahaba, mama, na hongereni sana kwa kujenga. Umefanya vizuri kuuliza mapema, kwa sababu wazazi wengi wanaohamia pembezoni mwa jiji huanza kutafuta shule Januari, vitanda vikishafungwa na watoto wakishakaa nyumbani wiki mbili.

Nianze na hesabu ya baba, kwa kuwa ndiyo inayobeba uamuzi wote. Kodi mnayookoa ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Ada pamoja na basi kwa miezi kumi ni shilingi 2,000,000 kwa mtoto mmoja, yaani 4,000,000 kwa wote wawili, na hapo hamjagusa sare, vitabu, fedha za mitihani wala safari za shule. Isitoshe, baba atakuwa akitoka Chanika kwenda Kariakoo kila siku kupitia Gongo la Mboto na Barabara ya Nyerere, na nauli ambayo Magomeni hamkuihisi sasa itakuwa na fungu lake katika bajeti ya mwezi. Kwa hiyo kodi peke yake haitoshi. Mnachopaswa kujiuliza ni kama biashara ya vipuri, pamoja na miezi yake migumu, inaweza kubeba ada hiyo miaka sita mfululizo. Mkubali kulipa tu kama jibu ni ndiyo hata kwa mwaka mbaya, kwa sababu mtoto anayeanza kwa Kiingereza kisha akarudishwa shule ya Kiswahili darasa la tatu kwa kukosa ada huumia zaidi kuliko aliyeanza huko tangu mwanzo: huacha marafiki, hubadilisha lugha ya kusomea, na hujua sababu.

Msidhani pia kwamba shule ya serikali haina gharama. Ada imefutwa, na serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji shuleni, lakini sare, madaftari na kalamu ni juu ya mzazi, na mara nyingi wazazi hukubaliana katika kikao kuchangia uji au chakula cha mchana. Ukiitwa kikao, nenda. Ndipo utakapowajua kamati ya shule, na ndipo utakapojua ni michango ipi imeridhiwa. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, na likitokea hilo Afisa Elimu Kata ndiye wa kumwona kwanza.

Sasa tuje kwa binti. Huyu sitasita: ningemwacha aendelee shule ya serikali. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo, pamoja na wanaowafuata, watamaliza elimu ya msingi darasa la sita badala ya la saba. Maana yake ni kwamba binti yako atakapoingia la tano amebakiza miaka miwili tu. Amejifunza hisabati na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka minne. Ukimhamishia mchepuo wa Kiingereza sasa, shule nyingi zitampa jaribio la kujiunga na kumrudisha nyuma darasa moja au mawili, na msichana wa umri wake kuketi na wadogo zake si jambo dogo. Anachohitaji ni Kiingereza cha ziada nyumbani na mwishoni mwa wiki: vitabu vya hadithi vya ngazi yake, mtu wa kumsikiliza akisoma kwa sauti, na msamiati wa hisabati na sayansi katika ule mwaka wa mwisho, ili akiingia kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, asikutane na kila kitu kwa mara moja. Kazi hiyo mwalimu mmoja wa jirani anaweza kuifanya kwa sehemu ndogo sana ya milioni mbili.

Mdogo wake ndiye wa kufikiriwa zaidi, kwa sababu kwake njia zote mbili bado ziko wazi. Ndugu zako wana haki ya kuhofia sekondari. Ugumu wa kubadili lugha kidato cha kwanza ni wa kweli na nimeuona kwa watoto wengi wenye akili. Hata hivyo, kinachomwokoa mtoto wakati huo ni kujua kusoma na kuelewa anachokisoma, na hilo hupatikana upesi zaidi katika lugha anayoiota usiku. Nimekutana na watoto wa darasa la tatu wanaokariri aya nzima ya Kiingereza bila kigugumizi, ukiwauliza maana wanatazama chini. Shule binafsi nzuri haizalishi watoto wa namna hiyo, lakini huwezi kuitambua kwa rangi ya basi lake. Na katika shule za serikali, mtaala mpya unaanza kufundisha Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza.

Kwa sababu hiyo naomba muende, wewe na baba, mkazione shule zote mbili siku ya masomo, si siku ya mahafali. Fikeni asubuhi kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Katika shule ya serikali, ombeni kwa mwalimu mkuu kuona darasa la kwanza. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini Chanika, Majohe na Chamazi watu wanahamia haraka kuliko madarasa yanavyojengwa, hivyo msishtuke mkikuta zaidi ya hapo. Tazameni mwalimu anafanya nini na idadi hiyo. Je, wote wameketi kwenye madawati? Waliokaa nyuma wanaitwa ubaoni au husahauliwa? Hesabuni matundu ya vyoo, na muulize kama maji yanatoka.

Kisha ombeni kuona daftari la mtoto wa kawaida, si la yule anayetolewa kwa wageni. Funueni kurasa za katikati. Kama kalamu nyekundu imepita kila wiki, na pale mtoto alipokosea mwalimu ameandika jibu sahihi na mtoto amerudia kazi chini yake, darasa hilo linafundishwa, hata likiwa na watoto 90. Mkiona alama za vyema zimechorwa juu ya makosa, au kurasa kumi zisizosahihishwa, hiyo ni dalili mbaya, na ni dalili hiyo hiyo katika shule inayotoza ada.

Shule binafsi nayo ina maswali yake. Waulizeni ni walimu wangapi wamekaa hapo zaidi ya miaka mitatu, kwa maana serikali inapotangaza ajira mpya, walimu wengi wa shule binafsi huondoka katikati ya muhula, na darasa hubaki na mwalimu wa kushikiza. Matokeo ya mitihani yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, shule kwa shule. Someni ya miaka mitatu au minne, na mtazame idadi ya watahiniwa. Shule yenye watoto 50 darasa la tatu na 18 katika darasa la mwisho inawajibika kuwaeleza wale wengine walikwenda wapi, kwa kuwa zipo zinazowakaririsha darasa au kuwahamisha wasiotarajiwa kufaulu ili ukuta wa matokeo ubaki safi. Hilo linanikera sana, na mzazi ana haki ya kuuliza bila kuona haya.

Kuna jambo la basi, ambalo wazazi hulichukulia kama faraja. Muulizeni dereva anaanza kuchukua watoto saa ngapi na wa kwanza ni nani. Kama basi linazunguka kwanza mitaa mingine, mwanao anaweza kupanda saa kumi na moja na nusu alfajiri, akalala kichwa kikigonga kioo, na kurudi saa kumi na moja jioni akiwa hana nguvu ya kula. Kwa mtoto wa miaka sita, robo saa ya kutembea na dada yake ni mali kubwa. Shule ya jirani pia inawaepusha na daladala, ambako makonda huwakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo.

Ukiniuliza ningefanya nini ningekuwa katika nafasi yenu, ningewapeleka wote wawili shule ya serikali, iwapo daftari na darasa vitanipa moyo, na fedha kidogo inayobaki ningeigawa kati ya mafunzo ya ziada na plasta. Zamu haipaswi kukutisha kama cherehani utaihamishia nyumbani: nusu ya siku mtoto yuko mbele ya macho yako, na silabi anaweza kuzisoma pembeni yako unaposhona. Lakini kama mtakuta darasa la kwanza lina watoto zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja na madaftari hayajaguswa, na baba akathibitisha kwamba ada ya mtoto mmoja anaiweza hata mwaka mbaya, basi mpelekeni mdogo shule binafsi, kisha mwelezeni binti kwa uwazi kwa nini, na mhakikishe masomo yake ya ziada hayakatizwi hata mwezi mmoja.

Uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba, na cheti cha kuzaliwa kitahitajika. Uhamisho wa binti uanze kabla shule hazijafungwa, kwa kuwa anatoka Manispaa ya Kinondoni kuingia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam: pata kwanza nafasi Chanika, ndipo mwalimu mkuu wa Magomeni amhamishe kwenye mfumo kwa namba yake ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani.

SWALI

Mwalimu, tumehamia Bunju na jirani anaendesha shule ya awali na msingi yenye ada nafuu sana. Nimeuliza namba ya usajili, nikaambiwa iko njiani. Nimwandikishe mwanangu?

Mzazi, Bunju

JIBU

Usilipe hata senti kwanza, ndugu yangu. Shule ya msingi iliyosajiliwa ina namba inayoanza na herufi EM, na mwenye shule halali huiandika kwenye kibao na kwenye stakabadhi. Shule isiyo na usajili haiwezi kumpa mtoto namba ya PREM kwa jina lake yenyewe, na bila namba hiyo hawezi kuhamishwa rasmi wala kusajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne. Zipo zinazowapandikiza watoto kwenye rejista ya shule nyingine, na siku wenye shule hizo wakigombana, mzazi ndiye anayezunguka na ripoti mkononi. Nenda ofisi ya Afisa Elimu Kata wa Bunju na jina la shule hiyo, uulize imefikia hatua gani. Kama mwanao ni wa awali, jaribu pia darasa la awali la shule ya serikali iliyo karibu nawe, kwani shule nyingi za msingi za serikali zinalo na halina ada.